LocalSend kwa ofisi ya Mji Mkongwe: uzoefu wangu wa kuhamisha pasipoti za wageni kutoka simu kwenda kompyuta

Nyumba za wageni na ofisi nyingi za utalii hapa Mji Mkongwe zina mtindo mmoja. Kijana wa mapokezi anaipiga picha pasipoti ya mgeni kwa simu, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, na mhasibu anaipakua kwenye kompyuta. Kazi inakwenda, lakini ile pasipoti sasa imo ndani ya simu ya kila aliyemo kundini, pamoja na dereva aliyeacha kazi zamani na hakuna aliyekumbuka kumtoa. Mgeni hakuridhia hilo. Ndiyo sababu ya kuhamia LocalSend, programu ya kurushiana mafaili kati ya vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja wa ndani, na kwa jinsi ninavyoitumia kila siku naipendekeza, ila si kwa mipangilio inayokuja nayo.

Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi, haina matangazo wala haidai akaunti. Inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Faili linatoka kwenye simu, linapita kwenye ruta ya ofisini, linaingia kwenye kompyuta. Halitoki nje kwenda intaneti, kwa hiyo hata bando likiisha kazi haisimami. Njiani linasimbwa kwa HTTPS, ule usimbaji unaotumiwa na tovuti salama. Na picha inafika na ukubwa wake wote. Hili lina faida yake khasa kwenye pasipoti: ile mistari miwili ya herufi na alama za mishale chini ya ukurasa wa picha, WhatsApp ikishaibana picha, mara nyingi hufifia hadi programu ya kusomea pasipoti inashindwa kuitambua.

Kabla ya jambo lolote, angalia toleo. Mwanzoni mwa 2025 ilitangazwa kasoro iliyopewa namba CVE-2025-27142. Matoleo yote kabla ya 1.17.0 hayakuwa yakikagua vizuri njia ya faili linaloingia, hivyo mtu aliye kwenye mtandao huohuo aliweza kutuma faili lenye jina lililotungwa makusudi likaenda kutua nje ya folda ya kupokelea, kwa mfano pale Windows inapoweka programu zinazojiwasha zenyewe. Kama "Quick Save", yaani kupokea faili moja kwa moja, ilikuwa imewashwa, mwenye kompyuta hakuulizwa hata kukubali. Madhali Windows 7 inaishia toleo 1.15.4, kompyuta kuukuu yenye Windows hiyo haina tiba. Usiipe kazi hii.

Tukija kwenye mipangilio, "Quick Save" ibaki imezimwa kwenye kila kifaa. Upande wa kompyuta washa sharti la PIN kwa anayetuma, na folda ya kupokelea iwe kwenye diski iliyosimbwa: BitLocker ikiwa Windows yako ni Pro, VeraCrypt ikiwa ni Home. Usimbaji ndani ya LocalSend uache umewashwa. Utakutana na ushauri wa kuuzima ili kasi iongezeke, tena kwa video kubwa unasaidia kweli, lakini picha ya pasipoti ni megabaiti chache tu. Hakuna cha kuokoa hapo.

Udhaifu unaowapita wengi uko kwenye majina. LocalSend inakipa kila kifaa jina la kubahatisha, nawe unaweza kulibadilisha uandike "Mapokezi" au "Uhasibu". Hata mtu baki aliyeingia kwenye Wi-Fi yako anaweza kujiita "Uhasibu", kwa sababu vyeti vya kidijitali vya kukitambulisha kifaa kwenye programu hii, kila kifaa hujitengenezea chenyewe, na hakuna wa tatu anayevithibitisha. Tazama ile namba yenye alama ya # pembeni ya jina: ndiyo sehemu ya mwisho, baada ya nukta ya tatu, ya anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao. Ingia kwenye ruta, uipe kompyuta ya uhasibu anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.20, kisha wafunze wafanyakazi kwamba "Uhasibu" bila #20 haitumiwi kitu. Halafu kiongeze kifaa hicho kwenye vipendwa ili mtumaji asiwe anachagua upya kila mara.

Malalamiko makubwa ninayoyasikia ni kwamba simu na kompyuta hazionani. Mara nyingi kosa si la programu. Kwenye Windows, mtandao wa ofisi ukiwa umewekwa kama wa hadharani, fayawoli inazuia; ubadilishe uwe wa binafsi na uruhusu poti 53317, mlango wa mtandao ambao LocalSend inautumia, TCP na UDP zote mbili. Kwenye iPhone, ruhusa ya mtandao wa ndani iwe imewashwa kwa LocalSend. Aliyebonyeza "usiruhusu" siku ya kwanza hataona kifaa chochote mpaka airudie kwenye mipangilio ya faragha.

Sababu nyingine ni nyumba zetu zenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, zinaimeza Wi-Fi ya 5 GHz. Watu wananunua ruta ya pili, wanaipandisha ghorofani, wanachomeka kebo kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti. Intaneti inapatikana, wanaridhika, lakini wameshatengeneza mtandao mwingine kabisa: chini ni 192.168.1, juu ni 192.168.0, na LocalSend haitafuti kifaa nje ya mtandao wake. Chomeka kebo kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani, zima DHCP (huduma ya kugawa anwani) ya ile ruta ya juu, na uipe anwani isiyogongana na ya chini. (Kebo ipitishe kwenye ngazi au uani, kutoboa ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe si jambo la kujiamulia.)

Wi-Fi ya wageni ni jambo jingine. Ruta nyingi zina kinga inayozuia vifaa vya mtandao wa wageni visionane, na simu ya mfanyakazi ikiunganishwa humo haitaiona kompyuta. Kuna mafundi wanaotatua kwa kuizima kinga hiyo. Tafadhali, wasikubaliwe. Simu ndiyo ihamie mtandao wa ofisi, wenye nenosiri lake ambalo halibandikwi ukutani.

Sasa simu yenyewe, maana hapa ndipo usalama wote unapovuja hata kama uhamishaji ni safi. Picha ikipigwa kwa kamera ya kawaida ya Android, Google Photos inaweza kuipandisha kwenye akaunti binafsi ya mfanyakazi kabla hata hajafungua LocalSend. Simu ya kazi iwe na akaunti ya kazi, na uhifadhi wa picha mtandaoni uzimwe. Baada ya kutuma, futa, kisha mwaga na pipa la taka: Google Photos hukaa na picha iliyofutwa siku 60 ikiwa ilishapandishwa, 30 ikiwa haikupandishwa, iPhone hukaa nayo siku 30 au zaidi kidogo. Wa iPhone pia wabadilishe umbo la picha kwenye mipangilio ya kamera liwe lile linalosomeka kokote, la sivyo kompyuta inapokea faili la HEIC, umbo la picha la iPhone, na huenda mhasibu asione picha.

Kasoro zinazoniudhi ni mbili. Uhamishaji ukikatika katikati, faili huanza upya, na kwenye iPhone lazima programu ibaki wazi mbele mpaka imalize. Kwa pasipoti si neno. Kwa video ya mradi ya gigabaiti kadhaa, tumia kebo, simu ikiwa imefunguliwa kwenye hali ya kuhamisha mafaili kwa muda huo tu, na USB debugging (ruhusa ya kompyuta kuiongoza simu kwa kebo) imezimwa.

Kwa mwenye tawi Pemba, LocalSend haivuki bahari. Kati ya kompyuta ya Mji Mkongwe na ya Chake Chake weka Syncthing, programu ya kuzifanya folda za kompyuta mbili zifanane kupitia intaneti: nayo ni ya bure, inasimba njia nzima, na kompyuta mbili zinakubaliana kwa kila moja kuingiza kitambulisho kirefu cha mwenzake. Folda ya Chake Chake iweke ya kutuma tu na ya Unguja ya kupokea tu, na huku Unguja uwashe utunzaji wa matoleo ya zamani, kwa sababu faili likifutwa Chake Chake kwa bahati mbaya, Syncthing italifuta na huku.