Fremu za sanduku kwa mbeleko na madekio: uzoefu wangu na karakana moja ya Kariakoo

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kutengeneza fremu za kina, zile za sanduku, kwa maonyesho ya sanaa kuhusu kazi za nyumbani. Vilivyowekwa ndani si picha. Ni vitu vyenyewe: mbeleko, madekio na vitambaa vya jikoni vilivyochakaa mikononi mwa wanawake wanaolea watoto na kudeki nyumba za watu.

Kwa useremala, karakana hii ni nzuri sana. Kona za digrii 45 zinakutana bila mwanya, mtiki umekauka vizuri, na kina cha sentimita 4 kilitoka sawasawa na mchoro. Kitambaa chenyewe, hata hivyo, usiwaachie bila maelekezo. Fundi akiona doa anataka kukusaidia: afue, apige pasi, akikaze kama bango. Hapo kazi yote imepotea. Mbeleko iliyotumika ina mikunjo pale fundo linapokaa, nyuzi zilizolegea upande mmoja, na sehemu iliyopauka kwa jasho la watu wawili. Huo ndio ushahidi pekee wa saa ambazo hakuna aliyezihesabu. Mwaka 1976, jijini London, msanii Mary Kelly alitundika ukutani vitambaa vya ndani ya nepi za mwanawe vikiwa na madoa yake, ndani ya visanduku vya plastiki angavu. Angevifua, pasingebaki cha kutazama.

Kwa hiyo andika kwenye oda, kwa maneno makubwa: HAKUNA KUFUA, HAKUNA PASI, HAKUNA GUNDI. La gundi ndilo gumu kueleweka, kwa sababu kwa picha za kawaida ndiyo njia yao ya haraka. Kwenye pamba, gundi hupenya, huwa ya manjano, na haitoki tena bila kuchana nyuzi.

Ubao wa nyuma uwe plaiwudi ya milimita 6. Emdiefu (MDF), yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ikinyonya unyevu huvimba, na Dar unyevu haukosekani. Juu ya plaiwudi tandika foili ya alumini ili asidi ya mbao isifike kwenye kitambaa, kisha pamba nyeupe iliyofuliwa mara mbili kuondoa wanga wa kiwandani. Wanga ni chakula cha wadudu. Mbeleko ishonwe juu ya pamba hiyo kwa uzi wa pamba na sindano ya upinde: mshono mfupi kwa mbele, mrefu kwa nyuma, kila sentimita 3 kwenye ukingo wa juu, na michache katikati ili uzito usining'inie juu tu. Uzi usivutwe. Ukivutwa, baada ya muda kila tundu la sindano linakuwa mpasuko. Karakana haishoni, kwa hiyo kashonee kwako uwapelekee ubao ukiwa tayari. Kabla ya hapo, funga kitambaa ndani ya nailoni, toa hewa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, mayai ya wadudu yafe.

Kioo kisiguse kitambaa. Acha angalau milimita 8, kwa vipande vyembamba vya mbao pembeni. Vikigusana, matone ya maji yanayojitokeza kwenye kioo chumba kikipozwa kwa kiyoyozi yanaingia moja kwa moja kwenye pamba, na ukungu unaanzia hapo. Usikubali plastiki angavu kwa dekio kuukuu: hujaa umeme tuli na kuvuta vumbi na nyuzi zilizokatika. Kioo cha milimita 3 kina kilo 7.5 kwa mita ya mraba, hivyo fremu ya sentimita 60 kwa 90 ina kilo 4 za kioo peke yake. Kanga nzima, takriban mita 1.5 kwa 1.1, ingehitaji kilo 12 na zaidi. Hiyo usiiwekee fremu kabisa. Shonea mkanda wa pamba nyuma ya ukingo wa juu, pitisha fito, tundika.

Karakana moja niliyowahi kuitumia kabla ya hii ilifunga nyuma ya fremu kwa selotepu ya plastiki. Kwa joto gundi yake iliyeyuka, na unyevu uliokwisha kuingia haukuwa na pa kutokea. Dai mkanda wa karatasi, na vipande vya mpira vya sentimita 1 kwenye kona za chini ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Msimu wa masika kuta za tofali hutoa unyevu hata zikiwa na rangi mpya.

Sabuni ya mche iliyolika usiiweke sanduku moja na kitambaa. Hutoa jasho na unga mweupe wenye magadi.

Halafu kuna usafi wa kioo ukumbini, jambo linalosahaulika kila mara. Mwaka 1973, kwenye jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum huko Hartford, Marekani, msanii Mierle Laderman Ukeles alisafisha kabati la kioo la maiti iliyokaushwa na kutangaza usafi huo kuwa sanaa. Kuanzia hapo kuligusa kukawa kazi ya mtaalamu wa uhifadhi, si ya msafishaji. Kwenye maonyesho ya mada hii, dada anayefuta vioo kila asubuhi aelekezwe vizuri: dawa inyunyiziwe kwenye kitambaa cha kufutia, kamwe si kwenye kioo, kwani inachuruzika hadi ukingo wa chini na kuingia ndani. Na akiridhia, jina lake liwe kwenye lebo, pamoja na la fundi wa fremu na la mwenye mbeleko, ambaye alipwe kwa kitambaa chake, si kupewa kipya tu.

Kwa mbeleko, madekio na kila kisichozidi mita moja, nitawarudia bila kusita. Dai bei ya mbao, kioo na ufundi iandikwe kila moja peke yake, na ukague kona kabla kioo hakijafungwa.