Mashine ya kupiga hewa bwawani: miezi nane, samaki wazima, Luku inalia

Niseme ukweli hii mashine niliinunua kwa hasira. Masika iliyopita mawingu yalifunga siku tatu mfululizo, bwawa langu la nusu ekari huku Mkuranga maji yamekuwa kijani kama mchicha uliosagwa, alfajiri saa kumi na moja kijana wangu ananigongea dirisha, "mzee samaki wako juu", natoka na tochi nakuta sato wametapakaa midomo wazi wanatafuta hewa, mpaka jua linachomoza tumeopoa ndoo kumi na moja. Kambale wa bwawa la pili wala hawana habari, si wenyewe wanapanda juu wanameza hewa wanashuka zao.

Basi nikaagiza ile inayoelea kwenye maboya, ina magurudumu mawili ya makafi yanachapa maji, mota hp 1 yaani wati 750 hivi. Mzigo umefika naufungua, fezi tatu! Nyumbani kwangu fezi moja na muuzaji nilimwambia mara mbili. Kubadilishiwa mota wiki tatu.

Halafu akanishauri niwashe mchana usiku nizime nibane Luku. Jamani msifanye hivyo. Mchana jua likiwaka ule ukijani wenyewe, yaani vimea vidogo vya majini, ndo unatoa oksijeni, giza likiingia nao unavuta kama samaki, kwa hiyo maji yanaishiwa kabisa kabla hakujapambazuka, na siku ya mawingu ndo balaa kwa sababu hata mchana hayakupata ya kutosha. Niliazima kipimo cha oksijeni kwa jamaa yangu, saa tisa mchana kinasoma miligramu 11 kwa lita, alfajiri 1.8. Sasa hivi nawasha saa nne usiku nazima saa moja asubuhi, alfajiri napata 4 karibu na mashine na kona ya mbali kama 3 hivi, siyo maajabu ila samaki wote utawakuta wamejazana upande wa mashine kama watu kwenye feni. Uniti karibu 7 kila usiku, piga hesabu mwenyewe.

Kosa langu lingine nilifunga inaangalia ukingo, siku nne tu ikalamba tuta na maji yakawa chai ya maziwa. Ielekeze kwenye urefu wa bwawa, kamba za manila pande zote, waya usiwe na maungio majini na weka ile breka inayokata umeme ukivuja, maana kuna siku mtu ataingia kuvuta wavu kasahau kuzima.

Kama bwawa lako ni kina kirefu kama malambo ya ng'ombe, mita nne tano, hii haifiki chini, tafuta ile kompresa inayokaa nchi kavu inapeleka hewa kwa mpira hadi chini itoe mapovu. Ila anza kidogo kidogo, siku ya kwanza nusu saa tu, ukiachia kutwa nzima maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda yote na ile harufu ya yai viza, unaua ulichotaka kuokoa. Kwangu mita moja na kidogo, mapovu yanawahi kutoka juu hayajafanya kazi.

Umeme ukikatika usiku bado sina jibu, jenereta nadunduliza.

Mashine naipa nne kwa tano. Oili ya giaboksi muuzaji alisema inakuja na mzigo unaofuata, sasa hivi hata simu hapokei.