NAS ya nyumbani: kipi ununue, na diski zipi uziweke ndani

NAS ni kisanduku chenye diski ndani. Unakichomeka kwenye ruta, na simu, kompyuta na runinga zote za nyumbani zinahifadhi na kusoma mafaili humo. Swali la kampuni ipi ununue lina jibu jepesi, nalo lipo hapa chini. Pesa nyingi hupotelea kwingine: kwenye diski zisizofaa, waya mbovu na umeme.

1. Synology DS223: kwa nyumba nyingi, basi. Ina nafasi mbili za diski, RAM ya GB 2, na mfumo wake (DSM) hauhitaji fundi. Programu ya Synology Photos inavuta picha kutoka kwenye simu ya kila mtu na kuziweka kwenye akaunti yake. DS223j ni ya bei nafuu na ina prosesa ileile, ila RAM ni GB 1 na haiongezeki. Ukiwa na picha nyingi na ukawasha utambuzi wa sura, itajikokota. Tofauti ya bei si ya kuhangaikia. Zote mbili hazifai kwa kubadilisha video nzito za 4K ziwe muundo ambao runinga au simu inaweza kuucheza, wakati unazitazama.

2. UGREEN DXP2800: kama filamu ndiyo kazi yenyewe. Prosesa ya Intel N100, RAM ya GB 8, tundu la mtandao la gigabiti 2.5, na nafasi mbili za M.2 (SSD ndogo bapa) juu ya zile mbili za diski. Ukiweka Jellyfin, programu ya bure ya kutazama filamu zako kwenye runinga na simu, N100 inabadilisha video bila kutoa jasho. Mfumo wake bado mchanga ukiulinganisha na DSM, kwa hiyo unafaa mtu asiyeogopa kuchokonoa mipangilio.

Synology DS225+ inakaa kati ya hizo mbili na bei yake inatukwaza, maana prosesa yake, Celeron J4125, ni ya mwaka 2019. Pia ilipotoka mwaka 2025 ilibana diski za kampuni nyingine. Kizuizi hicho kililegezwa na DSM 7.3 Oktoba mwaka huohuo, hivyo ukiinunua hakikisha inaendesha toleo hilo au la juu zaidi.

3. Kompyuta ndogo ya mtumba na OpenMediaVault. Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny, juu yake OpenMediaVault, mfumo wa bure wa kuigeuza NAS, na una seva yenye nguvu kuliko visanduku vingi vipya. Shida ni nafasi: ndani inaingia diski moja ya inchi 2.5, zaidi ya hapo unaning'iniza diski za USB. Raspberry Pi 5, kompyuta ya ukubwa wa kadi, nayo inawezekana, lakini ukitumia chaja ya ampea 3, matundu yake yote ya USB kwa pamoja yanapewa miliampea 600 tu. Diski ya nje inapoanza kuzunguka inaomba zaidi ya hapo, inakatika, na faili lililokuwa likiandikwa linaharibika. Tumia chaja yake rasmi ya ampea 5, au diski ya inchi 3.5 yenye adapta yake.

4. Ruta yenye tundu la USB. Inatosha kwa kupitisha mafaili mawili matatu. Diski ikiwa FAT32, faili la kufika GB 4 haliingii.

Mwisho kabisa: kisanduku cha diski moja kilichofungwa. Diski ikifa, kila kitu kimekufa. Tena Juni 2021, wenye WD My Book Live walikuta vifaa vyao vimefutwa kupitia intaneti. Kampuni ilikuwa imeacha kuvipa masasisho tangu 2015.

Diski

Nunua diski mbili za ukubwa mmoja na uzipange kwa RAID 1, yaani zote zinabeba kitu kilekile. Diski mbili za TB 4 zinakupa TB 4, na skrini itaonyesha kama 3.6, hujaibiwa, kompyuta inahesabu kwa 1,024, kiwanda kwa 1,000.

Chagua zilizoandikwa CMR, ambazo mistari ya data haijalaliana: WD Red Plus au Seagate IronWolf. Epuka SMR, ambazo mistari ya data imelaliana kama makuti ya paa. Ukitaka kubadilisha mmoja lazima uguse iliyo jirani. Kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti. Utaiona siku diski moja imekufa na mpya inajazwa upya: kazi inakokota mno, au NAS inakata tamaa na kuitangaza mpya kuwa mbovu. Angalia namba, si rangi. WD Red ya kawaida yenye herufi EFAX, TB 2 hadi 6, ni SMR; Red Plus siyo. Diski za CCTV, kama WD Purple, zinafanya kazi lakini zimetengenezwa kwa kurekodi mfululizo, kwa hiyo zisiwe chaguo la kwanza.

Ukishanunua, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au Dubai, soma SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe, kabla ya kuhamisha chochote. "Power-On Hours" ya diski mpya iwe sifuri au karibu na hapo. Kisha endesha jaribio refu. Diski ya TB 4 huchukua saa nane hivi au zaidi. Ikirudisha makosa, irudishe dukani mapema. SSD ya nje ya TB 16 inayouzwa bei ya chee ni feki, usipoteze muda kuijaribu.

Waya na ruta

Geuza ruta usome lebo. Matundu ya 10/100 yanapitisha kama MB 11 kwa sekunde, ya gigabiti kama 110. TB 1 itachukua saa 25 kwa ya kwanza, saa mbili na nusu kwa ya pili. Dawa ni swichi ndogo ya gigabiti ya matundu matano: NAS na kompyuta ziingie hapo kwa waya wa Cat5e. Kama bado ni polepole, chungulia kichwa cha waya. Mafundi wengine hubana nyaya nne kati ya nane, na gigabiti inataka zote nane.

Umeme

NAS ya diski mbili inakula wati 15 hadi 20, sawa na uniti 11 hadi 14 kwa mwezi. Hatari iko kwenye kukatika ghafla na kurudi kwa kishindo. Nunua UPS, betri ya akiba, yenye kidhibiti volteji na, hili ndilo linalosahaulika, tundu la USB la data. UPS isiyo nalo inaendesha NAS hadi betri iishe, halafu inaizima vilevile kama ungechomoa waya. Iliyo nalo inaitaarifu NAS. Pangilia izime yenyewe baada ya dakika tano.

Nakala ya pili na kuingia ukiwa mbali

RAID 1 hailindi dhidi ya mwizi, moto au mtoto aliyefuta folda, kwa sababu kufuta kunafanyika kwenye diski zote mbili papo hapo. Chomeka diski ya USB, panga Hyper Backup, programu ya nakala ya Synology, kila wiki, kisha ikakae kwa ndugu.

Usifungue milango (ports) ya ruta ili kuifikia NAS kutoka nje. Programu hasidi za Qlocker ya Aprili 2021 na Deadbolt ya Januari 2022 zilifunga mafaili kwenye NAS za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti na kudai fidia. Kwa ruta za laini ya 4G au 5G mara nyingi milango haifunguki hata ukijaribu, kwani mnatumia anwani moja ya nje na wateja wengine. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, kwenye NAS na kwenye simu, au tumia QuickConnect, huduma ya Synology ya kuifikia NAS kutoka nje. Zima akaunti ya "admin", na washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila anayeingia.