Omega-3 yangu, unga wa sokoni, na kidonge kidogo cha manjano

Mimi ni fundi cherehani hapa Kadutu, Bukavu. Vidole ndivyo vinavyonilisha. Baridi yabisi iliponishika mikono yote miwili, nilinunua kila nilichoambiwa. Yangu siyo ile ya goti lililochakaa: kinga ya mwili yenyewe ndiyo inashambulia viungo. Asubuhi ilipita zaidi ya saa moja kabla sijaweza kufunga vifungo vya blauzi yangu, mimi ninayewashonea wengine vifungo.

Nianze na mafuta ya samaki, maana ndiyo yaliyonimaliza mfuko. Kopo la vidonge 60, mbele limeandikwa 1000 mg kwa herufi kubwa. Nilimeza viwili kwa siku mwezi mzima, nikapata faida moja tu: kucheua harufu ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mbele ya wateja. Mtoto wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anayesomea uuguzi, ndiye aliyeligeuza kopo akasoma nyuma. EPA 180, DHA 120, mafuta mawili ambayo ndiyo omega-3 yenyewe. "Mama mdogo, hapa omega-3 ni 300 tu. Walioijaribu kwa ugonjwa wako walitumia karibu gramu 3 kwa siku." Vidonge tisa, kumi! Kopo haliishi hata juma moja.

Nilimwuliza daktari, akakubali, nikatafuta aina nzito yenye 600 kwa kidonge, vitano kwa siku pamoja na chakula. Baada ya miezi mitatu kukakamaa kwa vidole asubuhi kulishuka hadi kama nusu saa. Lakini katikati ya hapo daktari alikuwa ameniongezea metotreksati, dawa inayotuliza kinga ya mwili isishambulie viungo, kwa hiyo sifa zote siwezi kuyapa mafuta. Na hayazuii kiungo kuharibika. Kazi hiyo ni ya dawa.

Unga wa mizizi niliouziwa sokoni, huo ulifanya kazi ndani ya siku mbili. Nilifurahi, nikasifu hadi kanisani. Baada ya majuma machache uso ukavimba mviringo. Daktari alinieleza kwamba unga wa namna hiyo mara nyingine huchanganywa kwa siri na deksametazoni, dawa kali ya steroidi, na kwamba nisiuache ghafla bila yeye kunisimamia. Glukosamini, kirutubisho kingine, sikununua, hiyo huuzwa kwa viungo vilivyochakaa. Manjano naweka kwenye mchuzi, basi.

Kilichonisaidia waziwazi ni cha bei ndogo kuliko vyote: asidi ya foliki, aina ya vitamini. Metotreksati ilikuwa imenitoboa mdomo vidonda, hata bugali ulikuwa unachoma, na kichefuchefu juu. Daktari aliniandikia foliki, siku tofauti na ile ya metotreksati, na vidonda vikakauka.

Jihadharini na jambo moja: kwangu vidonge vya foliki na vya metotreksati vyote vina rangi ya manjano, na metotreksati humezwa mara moja tu kwa juma; kila siku inaweza kuua. Yangu nimeifungia kwenye kikopo cha nyuzi, juu ya kabati. Jumapili jioni naishusha, namwita binti yangu ahesabu, naipandisha tena.