Mabati yanayotoa jasho: matundu ya hewa au foili yenye povu?

Karakana iliyoezekwa mabati huko Kabale, Uganda, hudondosha maji alfajiri hata kama mvua haikunyesha. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto kuelekea angani, linapoa kuliko hewa iliyo chini yake, na mvuke unageuka matone juu ya misumeno na saruji. Kununua bati nene si dawa; geji 28, iliyo nene zaidi, hutoa jasho kama geji 30.

Matundu ni rahisi: mawili chini upande wa upepo, mawili juu kwenye ukuta wa mkabala, kila moja sentimita 20 kwa 30, yenye wavu. Yanafaa pale unyevu unapotoka ndani: mbao mbichi, jiko, sakafu iliyomwagwa bila kavera (plastiki) nene chini yake. Asubuhi ya ukungu, hata hivyo, yanaingiza hewa iliyolowa tayari.

Foili yenye povu, yaani karatasi ya alumini iliyobandikwa povu, huzuia hewa ya ndani isifike kwenye bati baridi. Itandazwe juu ya papi (mbao zinazopigiliwa mabati) kabla ya kupiga mabati, maungio yapandiane sentimita 10 na kubandikwa utepe wa foili. Hapo ndipo mafundi wengi huharakisha. Mwanya ukibaki, maji hujikusanya juu ya foili usikoyaona, na papi zinaoza kimyakimya. Foili tupu isiyo na povu hupoa pamoja na bati, basi ni hasara.

Stoo ya majembe, matundu yanatosha. Penye mashine, weka foili, na matundu usiyazibe.