Kamera za renjifainda zisizotegemea betri: ipi ununue kwanza

Ukianza kutafuta kamera ya filamu ya renjifainda, jina la kwanza utakalolisikia ni Leica, na la pili ni Leica tena. Sifa zake ni za haki. Lakini kwa anayenunua kamera yake ya kwanza ya aina hii, mimi sishauri aanzie huko. Kamera hizi karibu zote ni mitumba, nyingi zimepita miaka hamsini, na kitakachoamua upate picha au upate hasara ni hali ya ile moja utakayouziwa, jina lake linafuata nyuma. Canon iliyopitia kwa fundi mwaka huu itakufaa kuliko Leica iliyolala kabatini tangu miaka ya 1980. Ndivyo nilivyozipanga hapa, kwa sharti moja tu: kamera ifyatuke kasi zake zote hata kama haina betri ndani.

Kwa asiyezijua, ukichungulia kwenye dirisha lake utaona katikati kijisehemu kidogo chenye mwanga ambamo kitu kimoja kinaonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili zilaliane na kuwa moja, basi umefokasi. Hutazami kupitia lenzi, kwa hiyo ndani hamna kioo cha kupanda na kushuka kila unapofyatua. Ndiyo maana kamera huwa ndogo, sauti yake ya chini, na mtu unayempiga picha hashtuki. Ila nyingi haziwezi kufokasi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 70 hadi mita moja, na lenzi ndefu za kupigia mpira au ndege hazina nafasi hapa.

1. Canon P

Hii ndiyo ningemwambia mdogo wangu anunue. Ilitoka Japani mwaka 1959, chuma kitupu, haina hata mahali pa kuweka betri. Shata, ule mlango unaofunguka kuipa filamu mwanga, inakwenda kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Dirisha lake linaonyesha dunia kwa ukubwa wake halisi: unaweza kuacha macho yote mawili wazi, na mistari ya fremu, inayoonyesha picha itaishia wapi, ikaelea mbele yako juu ya mtaa wenyewe. Mistari hiyo ni ya lenzi za milimita 35, 50 na 100 (namba ndogo huona eneo pana zaidi), yote inaonekana kwa pamoja. Anayevaa miwani atapata taabu na ule wa 35 kwa sababu uko pembezoni kabisa.

Inapokea lenzi zinazofungwa kwa skrubu yenye kipenyo cha milimita 39, zile zile za Leica za zamani, na hapo ndipo pesa yako inapookoka, kwani lenzi hizo zilitengenezwa na viwanda vingi na nyingine hazina bei ya kutisha. Canon ya milimita 50 f/1.8 (f ni ukubwa wa tundu la mwanga ndani ya lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ni nzuri, lakini ichunguze kwa makini: lenzi hiyo inajulikana kwa kupata utando kama wa mvuke ndani, nyuma ya tundu la mwanga, na wakati mwingine utando huo unakula kioo chenyewe, fundi akifungua anakuta umeshaacha alama.

Pazia la shata ni la chuma cha pua na mara nyingi utalikuta limekunjamana kama karatasi. Usiogope. Makunyanzi peke yake hayazuii kazi, mradi pazia linapita bila kukwama.

Haina kipima mwanga, na watu wengi hukimbia hapo. Sioni sababu. Programu ya kupima mwanga kwenye simu inatosha, na kwa jua letu kuna kanuni ya zamani isiyohitaji hata simu: jua likiwa kali na vivuli vimekatika vizuri, weka f/16, kisha kasi ya shata ikaribiane na ISO ya filamu, yaani namba ya wepesi wake wa kuhisi mwanga. Filamu ya ISO 200 ni 1/250, ya ISO 400 ni 1/500. Ukihamia kwenye kivuli cha wazi, fungua tundu hatua tatu, yaani f/5.6. Kipima mwanga cha kamera husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, kwa hiyo kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu kinadanganyika, na uso wa aliyeivaa unatoka giza. Kanuni hii inafuata jua lenyewe, kanzu haiisumbui.

2. Canonet QL17 GIII

Kama bajeti haifiki Canon P na lenzi yake, chukua hii bila kusononeka. Ni ya mwaka 1972, lenzi ya milimita 40 f/1.7 imefungwa moja kwa moja, haitoki, na inatoa picha kali. Kupachika filamu ni rahisi mno: unalaza ncha yake, unafunga mgongo, unavuta. Shata iko ndani ya lenzi, kwa hiyo mlio wake ni kama wa ulimi ukigusa meno, na flashi inaafikiana na kasi zote.

Betri yake ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu ya sumu yake. Kuna betri za hewa na zinki zinazokaribia volti hiyo, na kuna adapta. Hata ukikosa vyote viwili, kamera inafyatua kasi zote kwa mkono. Unachopoteza ni kipima mwanga na hali ya otomatiki tu. Shata inaishia 1/500, na mchana wa saa sita ukiwa na filamu ya ISO 400 utabanwa kwenye f/16. Tumia ISO 100 au 200 upate nafasi ya kupumua.

Kabla ya kulipa, fungua mgongo uguse sponji nyeusi za kuzuia mwanga. Karibu kila Canonet ambayo haijaguswa na fundi, sponji zimegeuka lami ya kunata. Kuzibadilisha si kazi kubwa wala ghali. Tatizo zito ni mafuta kupenya kwenye visahani vya shata na kuvigandisha: unafyatua, mlio unasikika, visahani havifunguki. Fyatua mara nyingi huku ukitazama lenzi kwa mbele.

3. Leica M2 na M3

M3 ilizinduliwa mwaka 1954, na kwa mpenzi wa lenzi ya milimita 50 sijaona dirisha linaloishinda. Ukubwa wa taswira ni 0.91 ya ukubwa halisi, kijisehemu cha kufokasi kina kingo zilizokatika kama wembe, na hata f/1.4 gizani unafokasi kwa uhakika. Haina mistari ya 35. Mwenye kupenda lenzi hiyo atafute M2, iliyofuata miaka michache baadaye, dirisha lake ni 0.72. Zote mbili hazina kipima mwanga. Anayekitaka ndani ya Leica aende kwenye M6 ya mwaka 1984, ambayo betri yake inaendesha kipima hicho peke yake.

Nimeziweka nafasi ya tatu kwa sababu ya bei tu. Mwili mtupu wa M3 unaweza kugharimu kuliko Canonet kadhaa, na bado hujanunua lenzi. Ukiwa na uwezo huo, nunua kwa moyo mweupe, ila chungulia dirisha kwanza: M3 iliyowahi kuanguka inaweza kuwa na prizimu (kioo cha ndani ya dirisha) iliyoachana kwenye gundi, na taswira ya kufokasi ikafifia au ikapotea kabisa. Ukarabati huo ni ghali.

4. Zorki 4 na FED 2

Hizi ni za Kisovieti, Zorki kutoka Krasnogorsk karibu na Moscow, FED kutoka Kharkiv nchini Ukraine. Ndizo nafuu kuliko zote hapa, na lenzi ya Jupiter-8 ya milimita 50 f/2 inayokuja na Zorki nyingi ina ulaini wa kupendeza kwenye picha za watu.

Kuna amri moja lazima uishike: koki shata kwanza (yaani ivute iwe tayari kufyatuka), ndipo ubadilishe kasi. Ukigeuza kabla ya kukoki unaweza kuharibu mtambo. Ubora pia unatofautiana sana kati ya kamera moja na nyingine, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa mzigo. Kingine, Jupiter ukiihamishia kwenye Canon au Leica inaweza kukosea fokasi kidogo kwa vitu vya karibu, kwa kuwa Wasovieti walifuata kipimo tofauti.

5. Voigtländer Bessa

Changa kuliko zote. Zilitengenezwa na Cosina ya Japani kuanzia mwaka 2000, zina kipima mwanga kizuri na shata ya hadi 1/2000. Tazama herufi ya mwisho kwenye jina: R2M na R3M ni za mtambo, R2A na R3A hazifyatui bila betri. Kwa sababu hiyo hiyo Yashica Electro 35, kamera nzuri inayopendwa na wengi, haimo kwenye orodha hii. Betri yake ikiisha inabaki na kasi moja tu.

Kuikagua

Wengi wetu tutanunua mtandaoni, mara nyingi kutoka Japani, kwa hiyo hesabu na ushuru wa forodha kabla hujabonyeza. Omba video ya shata ikifyatua kwa kasi zake za polepole kabisa, kama sekunde 1 na nusu sekunde kwa kamera zilizo nazo. Hapo ndipo mafuta yaliyokauka hujitokeza, mlio unavuta au unakatikia njiani. Ikifika, iweke kwenye alama ya umbali wa mwisho, elekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali. Taswira mbili zilaliane sawasawa, zisipishane pembeni wala juu na chini. Kisha fungua tundu la lenzi kabisa, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyuzi zilizotawanyika mfano wa mizizi ni kuvu, na lenzi hiyo iache.

Kwa watu wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar, kuvu hata ukinunua lenzi safi itakuja kukutafuta. Usiihifadhi kwenye kifuko cha ngozi. Iweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na silika jeli, zile chembe zinazofyonza unyevu, na jeli hiyo uibadilishe au uikaushe inapolowa.

La mwisho ni jua. Kwa kuwa hamna kioo nyuma ya lenzi, mwanga unagonga pazia la shata moja kwa moja. Pazia la Leica na Zorki ni la kitambaa, na lenzi ikielekezwa kwenye jua kwa muda, hasa tundu lake likiwa limefunguliwa wazi, inakitoboa. Ukiwa kwenye boti au ufukweni, ning'iniza kamera lenzi ikitazama chini, au weka kifuniko. Na kifuniko kikiwepo, zoea kukigusa kwa kidole kabla ya kila picha, maana dirishani kila kitu kitaonekana sawa huku filamu haipati mwanga wowote.