Nilitafuta nyumba kwa programu ya simu kabla ya kuanza kazi: nyota tatu kati ya tano

Programu hii nimeitumia wiki tano, tatu nikiwa bado kwetu na mbili nikiwa nimeshafika mji wa kazi. Barua ya ajira nilikuwa nayo mkononi, tarehe ya kuripoti imeandikwa, ila mji wenyewe sijawahi kuukanyaga. Hata usaili nilifanyiwa kwa video. Sina ndugu kule wala rafiki. Nilipoona tangazo la kutafutiwa nyumba ukiwa popote, wakala akakuonyeshe kwa simu, nilijisajili usiku uleule na kulipia kifurushi cha juu. Jina silitaji, maana nyingine mbili nilizozijaribu zinafanana nayo kama mapacha.

Nianze na inachokiweza, yaani ramani. Unaweka alama mahali pa kazi, nayo inakuchorea eneo lote unaloweza kufika kwa nusu saa, kwa miguu au kwa usafiri wa umma. Kwa mgeni hiyo ni msaada mkubwa sana. Ndani ya siku nne nilishajua mitaa ipi kodi yake ingenimezea mshahara na ipi ingeniachia cha kulia. Kuna usemi wa kwamba kodi isizidi theluthi ya kipato. Mimi nilichukua kalamu nikajumlisha kodi na nauli ya mwezi mzima, na baadhi ya nyumba "rahisi" za pembezoni zikageuka ghali kuliko za karibu. Hesabu hiyo programu haikufanyii.

Tatizo ni kwamba ile nusu saa yao ni ya barabara kweupe. Nilipofika mjini niliijaribu njia moja asubuhi ya siku ya kazi, saa ile ambayo ningekuwa natoka nyumbani, na viatu vya kazini mguuni. Nilitumia saa moja na dakika kumi, na zaidi ya nusu ya muda huo nilikuwa nimesimama. Mtaa ule niliufuta kwenye orodha kabla sijashuka garini.

Picha nazo zina mambo yake. Lenzi pana huvuta kuta, chumba cha kugeukia kwa shida kikaonekana ukumbi wa harusi. Nilijizoesha kutazama vitu ambavyo ukubwa wake naujua: mlango, soketi, kitanda. Ukiona kitanda kimerefuka kama mtumbwi, ujue na chumba kimevutwa vilevile.

Matapeli wapo. Tangazo moja lilikuwa na picha za kupendeza mno na kodi nusu ya ile ya majirani. "Mwenye nyumba" yuko safarini, funguo atazituma nikishalipa amana. Nilizitafuta picha zile mtandaoni, zikaibukia kwenye tangazo la hoteli. Nililiripoti na likaondolewa, lakini baada ya siku mbili. Kwa tapeli, siku mbili ni msimu mzima wa mavuno. Hapo peke yake nimekata nusu nyota.

Sasa huyo wakala. Kijana mwenye adabu, anajibu haraka, sina ugomvi naye kwa tabia. Alinionyesha kwa video chumba na sebule nilichokitamani: dirisha kubwa, sakafu inang'aa, jiko safi. Tukaingia chumbani. Simu ikapita dirishani, ikapita kwenye dari, ikapita kwenye feni, ikarudi dirishani. Kona yenye kabati haikupita.

"Kaka, hebu nigeuzie hapo kwenye kabati."

"Sawa dada… mtandao unakatika kidogo."

Ukakatika kweli. Alipopiga tena alikuwa yuko jikoni, ananisifia bomba.

Jioni ileile akanitumia ujumbe kwamba kuna watu wengine wawili wanakisubiri, nilipe amana usiku huo kikae kwa jina langu. Nakiri nilishaanza kuandika namba ya siri. Nilichoka, siku zinayoyoma, na mtu aliyechoka hununua hata asichokiona. Kilichonizuia ni ile kona tu. Nikamwambia nitakuja mwenyewe. Kama kitaondoka, kiondoke.

Nilikodi chumba cha muda cha wiki mbili, nikasafiri, na kwenda moja kwa moja. Kile chumba kilikuwepo bado. Wale wawili sijui waliishia wapi. Kuta tatu zilikuwa na rangi ya zamani, ule wa kabati una rangi mbichi inayonuka. Nikapitisha mkono nyuma ya kabati, kiganja kikatoka kimelowa na kina kitu cheusi cha utelezi. Kijana akatazama sakafu. Tukiwa tunashuka ngazi, tulipishana na mama mmoja amebeba mifuko yake, akaniangalia, akaangalia funguo mkononi mwa wakala, akasema, "Mwanangu, umeshauliza lifti inafanya kazi siku ngapi kwa wiki?" Ghorofa ya sita hiyo.

Nyumba ninayoishi sasa haikuwemo kwenye programu kabisa. Niliiona siku ya nane, nikitembea mtaa ambao ramani yao ndiyo iliyonitambulisha, kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Kwa hiyo kusema programu haikunisaidia nitakuwa mwongo. Ilinipeleka mtaani, nyumba nikaipata kwa miguu.

Kwenye ukaguzi nilikuwa nimeshakuwa mkorofi. Nilifungua mabomba yote kwa pamoja, nikavuta maji ya choo, nikasimama bafuni kuangalia kama la juu linatoa maji au linatoa machozi. Nikafunga mlango wa chumba cha kulala nikampigia mama yangu: "Unanisikia vizuri?" Ananisikia. Nikarudi tena saa tatu usiku kusikiliza majirani, kwa sababu mchana kila nyumba ina utulivu. Mwenye nyumba alicheka, lakini alinifungulia.

Mkataba niliusoma kwenye kiti cha plastiki pale kibarazani, polepole. Sehemu mbili ndizo nilizoziuliza: amana inarudi lini na inakatwa kwa sababu zipi, na notisi ya kuhama ni ya muda gani kwa kila upande. Rasimu ilisema mimi nitoe miezi miwili, yeye mmoja. Tukalinganisha, akaandika kwa kalamu, tukaweka sahihi pembeni. Kabla sijaingiza hata begi nilipiga picha kila mkwaruzo, kila kigae chenye ufa, nikamtumia zote kwa barua pepe siku hiyohiyo ili tarehe ijitetee yenyewe.

Kuhusu fedha za kifurushi, niliandika malalamiko na kuambatanisha picha ya kiganja changu. Walinirudishia nusu baada ya wiki moja na nusu, bila maelezo. Ramani ipewe nyota zake zote. Huduma ya video wangeiondoa au waweke kanuni kwamba mteja ndiye anayesema simu igeuzwe wapi. Kama una wiki mbili tu kabla ya kuripoti kazini, usinunue kifurushi cha juu. Fedha hiyo weka kwenye chumba cha muda.

Taarifa zao sijazizima bado. Juzi nikiwa kazini simu ikaniletea tangazo "jipya". Nikalifungua: dirisha lilelile kubwa, feni ileile, sakafu inang'aa. Kabati wamelipanua, sasa linafunika ukuta mzima.